Barua ya wazi kwa wenye jengo: kodi mnayoitaka haimo ndani ya kitabu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Kampuni inayomiliki jengo letu,
Quartier Latin, wilaya ya 5, Paris.

YAH: KODI MPYA YA PANGO, STOO INAYOLOWA NA BARUA ZISIZOJIBIWA

Ndugu Mwenyekiti, Waheshimiwa Wajumbe,

Tunawasalimu kwa heshima. Yote yaliyomo humu mmekwisha kuandikiwa faraghani, kwa barua za rejista, na kilichorudi ni hati za madai ya kodi tu. Ndiyo maana leo tunayasema hadharani. Jina la kampuni yenu hatulitaji, mnajijua. La duka pia tunaliacha, maana matatizo haya wanayo wapangaji wengine wa mitaa hii.

Tunaoandika ni wauzaji wa duka dogo la vitabu vya Kiingereza, pamoja na wateja wake wa kudumu. Nakala ya Kifaransa mnayo mezani. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya wasomaji wa rafu yetu ya Afrika Mashariki, wakiwemo wanaosoma Kiswahili pale INALCO, chuo cha lugha kilicho katika wilaya ya 13, ambao wamekuwa wakiuliza kuna nini dukani.

Ombi kuu tunalitanguliza ili lisipotee katikati ya maelezo: mkataba uhuishwe kwa kodi inayofuata fahirisi ya kodi za biashara, ile ILC inayotolewa kila robo mwaka na INSEE, taasisi ya takwimu ya Ufaransa. Msitupangie kodi ya duka la zawadi za watalii. Sababu zetu ni hizi.

1. Hesabu ya kitabu kimoja

Chukueni riwaya ya jalada jepesi iliyochapwa Uingereza, bei nyuma ya jalada pauni 9.99. Msambazaji akitupa punguzo la asilimia 35, tunainunua pauni 6.49. Pauni ikiwa euro 1.17, hiyo ni euro 7.60. Usafiri na fungu lake la gharama za forodha, tuseme senti 90. Tunaiuza euro 14, na humo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5.5 inachukua senti 73. Kinachobaki ni euro 4.77. Hizo ndizo zinazolipa mishahara, umeme, bima, makato ya kadi, vitabu vilivyoibwa, na nyinyi.

Mkiongeza euro 1,000 kwa mwezi, inabidi viuzwe vitabu 210 zaidi kila mwezi, yaani vinane zaidi kila siku ya kazi, bila kuajiri mtu wala kuongeza rafu. Na hiyo ni hesabu ya kitabu kilichouzika. Kitabu cha Kifaransa kisichotoka hurudishwa kwa msambazaji na duka likapata fedha yake. Cha Kiingereza mara nyingi tumekinunua moja kwa moja bila haki ya kukirudisha, na hata haki hiyo ikiwepo, kukirudisha Uingereza ni kukivusha tena forodha, kwa karatasi nyingine na malipo mengine. Kikikosa mnunuzi, kinabaki kuwa chetu.

Mmetuambia tupandishe bei. Hapa ndipo tunapohisi hamjaielewa biashara hii. Sheria ya Lang ya tarehe 10 Agosti 1981 inamtaka mchapishaji, au anayeingiza kitabu nchini, apange bei ya rejareja, na muuzaji asipunguze zaidi ya asilimia 5. Kwa kitabu cha Kifaransa hiyo ni kinga kubwa: bei ni moja, kwa muuzaji mdogo na kwa jitu la mtandaoni. Kwa kitabu kinachotoka ng'ambo, anayepanga bei ni mwagizaji, na jitu la mtandaoni linajiagizia lenyewe. Kule Uingereza makubaliano ya bei moja yalivunjika miaka ya 1990. Basi mteja anasimama mbele ya rafu yetu, anaona pauni 9.99 imechapwa nyuma ya jalada, anafungua simu na kulinganisha. Euro 14 anaivumilia. Kwenye 17 anakirudisha kitabu rafuni kwa adabu na kutoka.

2. Hoja yenu ya Notre-Dame

Mnadai kuwa tangu kanisa kuu lifunguliwe tena Desemba 2024, watu wamefurika, mazingira ya biashara yamebadilika, na kwa hiyo kodi itoke kwenye ukomo wa fahirisi, yaani ile kanuni inayozuia kodi ya mkataba unaohuishwa isipande kupita fahirisi. Kwamba kanuni ya ukomo ina msamaha huo, hilo ni kweli. Upo katika Kanuni ya Biashara. Lakini mahakama ya juu ya Ufaransa imeshasema kuwa mabadiliko ya mazingira hayatoshi yenyewe. Lazima yawe ya kuinufaisha biashara hasa anayoifanya mpangaji huyo.

Sasa tazameni anayepita. Mtalii mwenye begi la kupandia ndege lenye kikomo cha uzito hanunui kitabu cha jalada gumu. Ananunua kadi ya posta, anapiga picha rafu, anakwenda zake. Hatumlaumu. Lakini anayeliweka duka hili mjini ni mwanafunzi, mwalimu, mfasiri, na mkazi wa Paris anayerudi kila mwezi. Hao ndio wanaopungua. Chuo kikuu cha Sorbonne Nouvelle kilihama kampasi ya Censier, hapahapa wilaya ya 5, kikaenda Nation mwaka 2022. Kwa duka la sumaku za friji hilo halina maana yoyote. Kwetu lina maana kuliko foleni yote ya Notre-Dame.

Na hata pale ukomo unapoondolewa kwa haki, sheria ya Pinel ya Juni 2014 inazuia kodi isipande kwa zaidi ya asilimia 10 ya kodi ya mwaka uliotangulia katika mwaka mmoja. Barua yenu ya madai imeliruka hilo kana kwamba halijaandikwa.

Kuna jambo jingine, na tunaomba radhi kwa kulisema bila kuzunguka. Muda wa miaka 9 umekwisha na mkataba unaendelea wenyewe kimyakimya. Ukiachwa hivyo hadi upite miaka 12, kinga ya fahirisi inaanguka yenyewe bila nyinyi kuthibitisha chochote. Hatusemi kuwa ndiyo sababu ya ukimya wenu. Tunasema tumeuona mtego, na ndiyo maana ombi rasmi la kuhuisha limeletwa kwenu kwa rejista. Mna miezi 3 ya kujibu. Kimya kikivuka hapo, sheria inakihesabu kuwa mmekubali kuhuisha, na kinachobaki ni ubishi wa kiwango, ambao una kamati yake ya usuluhishi kabla ya kufika kwa hakimu. Wapangaji wenzetu mnaosoma hapa: angalieni tarehe ya mkataba wenu leo hii.

3. Forodha, na kwa nini tunahitaji akiba

Tangu tarehe 1 Januari 2021 Uingereza imo nje ya soko la pamoja la Ulaya. Kitabu kilichochapwa kipo chini ya namba 4901 ya orodha ya forodha, na ushuru wake ni sifuri. Watu wakisikia sifuri hudhani hakuna gharama. Gharama ipo kwenye tamko lenyewe: mzigo ni lazima uwe na ankara yenye thamani kamili, namba ya EORI (ya usajili wa forodha) ya mpokeaji, na masharti ya wazi kuhusu nani analipa nini mpakani. Kosa moja, hasa mtumaji anapoandika kuwa atalipa yeye kila kitu huku hana usajili Ufaransa, na katoni zinakaa ghalani kwa siku kadhaa huku mpokeaji akidaiwa gharama za uhifadhi. Kodi ya ongezeko la thamani sasa tunaijaza kwenye fomu yetu ya kawaida badala ya kuilipa mpakani, utaratibu wa lazima tangu 2022, na huo umetupunguzia maumivu kiasi. Lakini ada ya tamko haijali kama ndani mna kitabu kimoja au mia.

Matokeo yake, hatuwezi tena kuagiza nakala mbili kila siku. Tunasubiri mzigo ukusanyike, uje mara moja kwa wiki, katoni za kilo 15 hivi kila moja. Na tangu tarehe 13 Desemba 2024 kanuni ya Ulaya ya usalama wa bidhaa inataka kitabu kinachotoka nje kiwe na mhusika anayewajibika ndani ya Umoja wa Ulaya. Wachapishaji wakubwa walijipanga; baadhi ya wadogo, ambao ndio hasa tunaowatafutia wasomaji, wanaona heri wasituuzie.

Mwenye duka akiagiza mara moja kwa wiki, anahitaji akiba nene zaidi ya zamani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, vitabu vyake vya zamani viliadimika madukani kwa wiki kadhaa. Aliyekuwa na nakala stoo alikuwa nazo. Asiyekuwa nazo alibaki kuandika majina ya wateja kwenye daftari. Kitabu kinachouzwa nakala moja kwa mwaka kinachukua nafasi ileile kama kinachouzwa kila siku, na duka likikifukuza, halina tena tofauti na kibanda cha uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo kazi ya stoo, na ndiyo inayotuleta kwenye hoja ambayo imetuchosha kuliko zote.

4. Stoo ya chini

Stoo yetu ni ya mawe ya chokaa, yenye kuba, kama zilivyo nyingi za mitaa hii, na iko hatua chache kutoka Seine. Mto haulazimiki kuvuka ukingo ili utufikie. Unapopanda, maji ya ardhini nayo hupanda na kutoka kwenye sakafu na mifereji. Kipimo cha mto kwenye daraja la Austerlitz kilisoma mita 8.62 mwaka 1910 na mita 6.10 Juni 2016. Mto ukifika nusu ya hapo tu, kuta zetu zinaanza kutoa jasho.

Karatasi inataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Ukikaa juu ya 65, kuvu huota, kwanza kwenye gundi ya mgongo, halafu kando za kurasa. Vitabu vya picha ndivyo vinavyoumia zaidi: karatasi yake inayong'aa imepakwa udongo laini, na ikilowa kisha ikakauka, kurasa hugandana kuwa tofali moja. Kitabu kilicholowa kina saa 48 hivi za kukaushwa au kugandishwa kwenye friza. Baada ya hapo ni taka.

Sisi wapangaji tumefanya yaliyo ya mpangaji. Rafu ziko sentimita 10 kutoka ukutani ili hewa ipite, na za chini kabisa zimeinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni. Kuna kipima unyevu kila kona na mashine ya kukausha hewa inayomwaga maji kwenye bomba. Mashine hiyo inakula umeme mchana na usiku kupigana na ukuta wenu.

Kilichoharibu ukuta kinajulikana. Mafundi waliopita waliupiga plasta ya saruji juu ya jiwe la chokaa. Jiwe hili linavuta maji kutoka chini na kuyatoa kwa kupumua. Ukilifunga kwa saruji, maji hayaishi, yanapanda zaidi kutafuta pa kutokea. Yametokea kwenye kuba, na chumvi yake imelegeza viungo vya mawe hadi vinapukutika. Kisha tundu la hewa linalotoka barabarani likazibwa kwa bati wakati wa matengenezo ya ngazi, na halikufunguliwa tena. Dawa yake si ya ajabu: kubandua saruji, kuacha ukuta ukauke kwa miezi, kujaza viungo kwa chokaa ya kawaida, kufungua tundu na kuliwekea wavu wa panya.

Mmejibu kwa mdomo kuwa stoo ni juu ya mpangaji. Kifungu cha 606 cha Kanuni ya Madai kinataja kuta kuu na kuba, kwa neno hilohilo la kuba, kuwa ni matengenezo makubwa. Amri ya serikali ya tarehe 3 Novemba 2014 inakataza kumbebesha mpangaji wa biashara matengenezo hayo, na mkataba wetu ulisainiwa baada ya amri hiyo. Hapa hatuoni pa kubishania.

5. Sakafu ya ghorofa ya kwanza

Mmetutaka tuondoe rafu zote za juu kwa sababu ya uzito. Hofu yenyewe ina msingi na hatuidharau. Mita moja ya vitabu vya jalada jepesi ni kilo 15 hivi. Ya jalada gumu inaweza kufika 25 au 30. Kabati la upana wa sentimita 90 lenye rafu saba ni kati ya kilo 95 na 190 bila mbao zake, ilhali sakafu ya makazi hukadiriwa kubeba kilo 150 kwa mita ya mraba. Lakini makabati yetu yameegemea ukuta unaobeba jengo, yamelalia boriti kwa mkato, na katikati ya chumba hamna kitu. Leteni mhandisi apime. Akisema yatoke, yatatoka siku hiyohiyo. Amri isiyo na ripoti hatuwezi kuitekeleza, maana nusu ya akiba iko huko kwa sababu ya stoo mliyotuachia.

6. Lango na mbao za mbele

Mawili madogo. Kufuli ya lango la uani ilibadilishwa na duka halikupewa ufunguo. Gari la mizigo linaruhusiwa kusimama dakika 30 tu kwenye nafasi ya kushushia. Katoni 20 ni kilo 300, na zikiachwa kwenye njia ya miguu mvua haiziulizi. Ufunguo mmoja unamaliza jambo hili.

La pili, mbao za mbele ya duka zimeoza chini. Gharama tunabeba sisi. Lakini eneo hili limo ndani ya mazingira ya majengo ya kihistoria, hivyo ombi la kazi hupitia kwa mbunifu wa serikali wa majengo ya urithi na huchukua miezi miwili badala ya mmoja, na mkataba wetu hauturuhusu kuzigusa mbao hizo bila ridhaa yenu ya maandishi. Fomu iko kwenu. Inahitaji sahihi.

Mtakayosema

Mtasema duka liuze kahawa, vikombe na mifuko ya nguo kama wengine. Someni mkataba mlioutunga: matumizi yaliyoruhusiwa ni vitabu na vifaa vya kuandikia. Kuongeza shughuli inayokaribiana, sheria inatutaka tuwaarifu, nanyi mna miezi miwili ya kupinga. Tuliwaarifu, mkapinga. Hamwezi kutukataza kahawa kisha mkatutoza kodi ya mkahawa.

Mtasema tuhamie mtandaoni. Kwa vitabu vya mitumba hilo tunalifanya, na vinatusaidia. Kwa vipya hatuna bei ya kushindana, kwa sababu tulizozieleza hapo juu.

Mtasema soko ndivyo lilivyo, na duka moja likiondoka litakuja jingine. Litakuja, lakini halitakuwa la vitabu. Brentano's ya avenue de l'Opéra, iliyofunguliwa 1895, ilifunga 2009. Village Voice ya rue Princesse ilifunga 2012 baada ya miaka 30. Boulinier iliondoka kwenye duka lake la zamani la boulevard Saint-Michel mwaka 2020 kwa sababu ya kodi, ikahamia mahali padogo zaidi. Gibert Jeune ilifunga maduka yake ya place Saint-Michel mwaka 2021. Hata Jiji lenyewe liliona hatari hii: mpango wake wa Vital'Quartier, ulioanza 2004, ulikuwa wa kununua vyumba vya maduka na kuvikodisha kwa biashara ambazo soko peke yake lingezifukuza.

Na mkikataa kabisa kuhuisha, sheria inawadai fidia ya kumwondoa mpangaji: thamani ya biashara pamoja na gharama za kuihamisha. Hesabu hiyo ifanyeni kabla ya kuahidiana na mpangaji mpya.

Tunachoomba

a) Jibu la maandishi kwa ombi la kuhuisha mkataba, kwa miaka 9, kodi ikifuata ILC.

b) Kama mnashikilia hoja ya Notre-Dame, mtuletee vielelezo vinavyohusu uuzaji wa vitabu, na twende pamoja kwenye kamati ya usuluhishi kabla ya mahakama.

c) Fundi wa mawe, si fundi wa rangi, aikague kuba, na tundu la hewa lifunguliwe kabla ya mito kujaa majira ya baridi. Hili haliwezi kusubiri mzozo wa kodi uishe.

d) Ripoti ya mhandisi kuhusu sakafu, nakala yake tupewe.

e) Ufunguo wa lango, au mtu wa kulifungua kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi.

f) Sahihi kwenye fomu ya mbao za mbele.

Ombi la (e) na la (f) hayahitaji kikao cha bodi, na tunatarajia yatimizwe ndani ya wiki mbili. Mengine tunasubiri kwa muda uliowekwa na sheria. Tuko tayari kukutana nanyi siku na mahali mtakapochagua, isipokuwa Jumamosi mchana, ambayo ndiyo siku ya mauzo.

Wenu katika ushirikiano,

Wafanyakazi na wateja wa duka

Nakala: Meya wa wilaya ya 5, wapangaji wengine wa jengo, mlangoni mwa duka, upande wa ndani wa kioo.